Ngoma za mababu: zinasema nini, na zinachezwa mbele ya nani?



Siku ya sadaka ya mavuno, katika kanisa moja la komine ya Ibanda, kwaya ya vijana iliingia ikicheza ngoma ya Kirega. Hatua zake walikuwa wamejifunza kwa kutazama video kwenye simu. Aliyetangulia alivaa kofia ya simbi, na juu ya kofia ulining'inia mkia uliosukwa kwa nyuzi, mfano wa mkia wa tembo. Mama mmoja mzee alisimama akapiga vigelegele huku machozi yakimtoka. Tangu vita vimtoe Shabunda alikuwa hajaisikia ngoma ile. Wakati uleule mzee wa kanisa aliyeketi benchi ya mbele alichukua Biblia yake akatoka nje.

Juma lile wote wawili walikuja kwangu Nyawera, kila mmoja kwa siku yake. Mama alitaka kujua watoto wamekosa nini. Mzee aliniambia: "Pasta, mimi sikukimbia ngoma. Nilikimbia ile kofia. Baba yangu aliivaa, nami najua aliipataje. Hawa watoto hawajui wamevaa nini."

Nimeandika makala hii kwa ajili ya hao wawili, na kwa ajili ya vijana wale. Makanisa yetu mengi hukataza ngoma za asili bila kuuliza zinasema nini, na mengine huziingiza kanisani bila kuuliza vilevile. Kwanza tuzifahamu, kisha tuzipime kwa Neno.

Neno "ngoma" lina mambo mengi ndani yake

Katika Kiswahili, ngoma ni chombo kinachopigwa, ni mchezo wa mwili unaoifuata sauti yake, na ni mkusanyiko wenyewe. Tukisema "kuna ngoma huko", tunamaanisha yote matatu. Majirani wetu wameongeza jambo la nne: katika Kinyarwanda na Kirundi, "ingoma" ni chombo na pia ni utawala wa mfalme. Huko Burundi ngoma takatifu iliyoitwa Karyenda ilikuwa alama ya ufalme wenyewe, na kupiga ngoma za kifalme lilikuwa jambo la ibada. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma hiyo ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu.

Kwa hiyo wazee waliposikia ngoma inalia, hawakuuliza tu kama inapendeza. Walijua inamtangaza mtu fulani, mamlaka fulani au mafundisho fulani.

Warega: ngoma inayofundisha

Warega wanakaa hasa Mwenga na Shabunda katika Kivu ya Kusini, na Pangi katika Maniema. Zamani hawakuwa na mfalme mmoja juu yao wote. Kilichowaunganisha kilikuwa Bwami, chama chenye ngazi ambazo mtu alizipanda moja baada ya nyingine. Ngazi ya juu kabisa ya wanaume iliitwa kindi, na chini yake yananio. Wake nao walikuwa na ngazi zao pamoja na waume zao, na ya juu kabisa iliitwa kanyamwa. Kupanda ngazi hakukutaka mali peke yake. Jamaa walipaswa kumuunga mkono, na watu walipaswa kumshuhudia kwamba ni mtulivu, si mgomvi, si mzinzi, anajua kuzuia ulimi wake.

Mafundisho hayo yote yalitolewa kwa ngoma. Katika sherehe za kupanda ngazi, mfundishaji alishika kitu mkononi: sanamu ndogo ya mti au ya pembe ya ndovu, kinyago kidogo, mdomo wa ndege, au gamba la kakakuona. Alicheza nacho, na watu waliimba methali inayohusu kitu kile. Bila methali, kitu kilikuwa bubu. Bila ngoma, methali haikuingia moyoni.

Chukueni sanamu yenye vichwa vingi, iitwayo Sakimatwematwe, yaani Bwana Vichwa Vingi. Mfundishaji alipocheza nayo, wanaojifunza walielewa kwamba mwenye hekima huliangalia jambo kutoka pande zote kabla ya kutoa hukumu. Kuna sanamu ya mtu aliyeinua mikono miwili, mfano wa mpatanishi anayesimama kati ya wagomvi. Kuna sanamu ya mwanamke mwenye mimba aliyefanya uzinzi, ili watu waone jinsi dhambi ya siri inavyoleta msiba katika nyumba. Kakakuona naye aliheshimiwa sana, kwa kuwa Warega husema magamba yake yaliyopangika ndiyo yaliyowafundisha watu kuezeka nyumba kwa majani.

Kofia ile ya simbi yenye mkia wa tembo ilivaliwa na mtu wa kindi. Ilikuwa ushuhuda wa maisha mazima, kama kanzu ya mchungaji aliyewekewa mikono. Ndiyo sababu mzee wetu alitoka. Kijana wa miaka kumi na tisa alikuwa amevaa ushuhuda ambao hakuupata.

Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilipiga Bwami marufuku. Leo sanamu nyingi za Warega zimewekwa katika majumba ya makumbusho, kwa mfano Tervuren huko Ubelgiji. Watu huzitazama nyuma ya kioo na kusifu umbo lake. Lakini hakuna anayecheza nazo, wala hakuna anayeimba methali. Darasa limekwisha, vifaa vya mwalimu vimebaki.

Nisieleweke vibaya. Ndani ya mambo hayo kulikuwa pia na siri, hofu, na mambo ya mababu ambayo Mkristo hawezi kuyashika. Sisemi turudi katika Bwami. Nasema kwamba ndani ya ngoma ile kulikuwa na mafundisho juu ya upatanisho na kiasi, ambayo sisi wahubiri tungefurahi kuyaona kwa washirika wetu.

Ng'ambo ya Ruzizi: waliochaguliwa

Tuvuke sasa mto Ruzizi. Najua wapo watakaouliza kwa nini nawapeleka huko katika nyakati hizi za machungu. Nawapeleka kwa sababu ya neno moja ambalo Mkristo anapaswa kulijua.

Ngoma ya wanaume ya Rwanda huchezwa na Intore, na maana ya jina hilo ni "waliochaguliwa". Katika ufalme wa zamani, vijana walichaguliwa wakapelekwa kwa mfalme na kwa wakubwa wake. Huko walifundishwa kucheza, kuruka, kutumia mkuki na upinde, kutunga na kutamka majivuno ya shujaa, na kuwa na adabu. Wachezaji huvaa kichwani nyuzi ndefu za katani kama manyoya ya simba, na njuga miguuni, na hatua zao ni za askari anayerudi na ushindi. Wanawake wana ngoma yao ya upole, umushagiriro. Huinua mikono kwa mfano wa pembe ndefu za ng'ombe wa kifalme waitwao Inyambo. Mwezi wa Desemba 2024 UNESCO iliiandika Intore nayo katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Shule na kundi la Intore huitwa itorero. Sasa muulizeni Mkristo yeyote wa Rwanda kwamba "kanisa" kwa lugha yake ni nini. Atajibu: itorero. Neno la kundi la wachezaji waliochaguliwa kumtumikia mfalme limekuwa neno la kundi lililochaguliwa kumtumikia Kristo.

Jambo hili si geni katika Biblia. Neno la Kiyunani ekklesia, ambalo Agano Jipya linalitumia kwa kanisa, lilikuwa kwanza neno la mkutano wa raia wa mji. Katika Matendo 19:39 lingali na maana hiyo ya kiserikali, katika habari za Efeso. Mitume walilichukua wakalijaza maana mpya. Hivyo neno linaweza kuokolewa. Lakini angalieni kilichobadilika: mfalme anayetumikiwa ni mwingine.

Mfano wa mbali: hula ya Hawaii

Kilichotokea kwetu kimetokea na kwingine. Katikati ya bahari ya Pasifiki kuna visiwa vya Hawaii, ambavyo leo ni jimbo la Marekani. Ngoma yao huitwa hula. Watalii wengi wanadhani ni kutikisa kiuno tu, lakini kiini cha hula ni maneno. Kwanza kuna utenzi unaoitwa mele, unaosimulia nasaba za wakubwa, habari za miungu, milima, mvua na upendo. Mikono ya mchezaji huonyesha mambo yanayotajwa na utenzi. Watu wa Hawaii hawakuwa na maandishi kabla ya wageni kufika, basi ngoma ilikuwa mojawapo ya vitabu vyao. Ilifundishwa katika shule zenye masharti makali, ziitwazo halau, na shule hizo zilimheshimu Laka, mungu wa kike wa hula.

Mwaka 1820 wamisionari Waprotestanti kutoka Marekani walifika huko. Malkia Kaahumanu alimpokea Kristo, akabatizwa mwaka 1825. Mwaka 1830 alikataza hula isichezwe hadharani. Aliona, na hakukosea, kwamba hula imeshikamana na ibada ya miungu ya zamani. Hata hivyo hula haikufa. Iliendelea kuchezwa mbali na macho ya wakubwa. Mwaka 1883, mfalme Kalakaua alipovikwa taji, aliirudisha hadharani. Tangu 1971 kuna shindano kubwa la hula kila mwaka katika mji wa Hilo, linaloitwa kwa heshima ya mfalme huyo.

Wakristo wa Hawaii hawajakubaliana wote mpaka leo. Wengine huimba zaburi na kuzionyesha kwa mikono ya hula mbele za Bwana. Wengine hukataa, wakisema mizizi yake haijakauka. Sisi tunaweza kujifunza kwao jambo moja: katazo peke yake halikumaliza neno. Watu walibaki na ngoma yao, nalo kanisa likakosa nafasi ya kuwasaidia kuipambanua.

Kwa nini wazee wetu wa imani walikataa

Tusiwahukumu haraka wale waliotuletea Injili, wala Wakristo wa kwanza wa kwetu. Wamisionari Wapentekoste kutoka Sweden na Norway walifika upande wetu wa Kivu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Katika miaka ya 1930 Uamsho ulianza Gahini, Rwanda, ukaenea Afrika Mashariki yote. Waamini wa nyakati hizo waliacha ngoma kwa sababu waliujua usiku wa ngoma: pombe, sadaka kwa mababu, uzinzi, na vita vilivyoanza kwa wimbo wa majivuno. Mtu aliyetolewa shimoni haambiwi arudi kuchungulia. Kutengana kwao kulikuwa kilio cha uhuru, nasi tunakula matunda yake.

Lakini jambo moja limetupita. Tulikataa ngoma ya Mwenga na Kabare, kisha tukafungua mlango kwa sebene. Leo gitaa linalopigwa kanisani linafuata mapigo yaliyozaliwa katika mabaa ya Kinshasa, na hakuna mzee anayetoka nje. Kumbe tulichokataa hakikuwa ngoma ya dunia, bali ngoma ya babu. Hapo tujichunguze. Ikiwa pigo la baa linaweza kutakaswa, kwa nini pigo la kijiji lisipimwe kwa mizani ileile?

Ngoma ya Chama

Wenye umri wa wazazi wangu wanakumbuka ngoma nyingine. Katika miaka ya 1970, wakati wa Mobutu na siasa yake ya "authenticité", palikuwa na "animation politique". Wafanyakazi, wanafunzi, mama wa soko, wote walijifunza kuimba na kucheza kwa ajili ya Chama na kiongozi wake. Hatua zilikuwa za mababu na ngoma zilikuwa za mababu, ila katikati aliwekwa mtu mmoja, na picha yake ilikuwa kwenye kitambaa kilichovaliwa kiunoni.

Hakuna mizimu iliyotajwa pale. Hata hivyo Wakristo wengi walisumbuka rohoni, na walikuwa na haki. Hatari ya ngoma haitoki kwa mababu peke yao. Mtu aliye hai anaweza kukaa mahali pa Mungu, akatabasamu na kupunga mkono. Tena tuseme kweli: tunapompokea mgeni mkubwa wa kanisa, na kwaya ikacheza nusu saa ikitaja jina lake, tofauti yetu na siku zile ni ndogo kuliko tunavyodhani.

Biblia: neno moja, ngoma mbili

Katika Kutoka 15:20, baada ya kuvuka Bahari ya Shamu, Miriamu alishika tari, na wanawake wote wakamfuata wakicheza. Katika Kutoka 32:19, Musa alishuka mlimani akaona ndama na watu wakicheza, hasira ikamwaka. Katika Kiebrania, neno linalotumika kwa kucheza katika mistari hiyo miwili ni lilelile: meholot. Watu ni walewale, na kati ya ngoma hizo mbili ni miezi michache tu. Huenda hata hatua zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kilichosimama katikati. Mara ya kwanza ni Bwana aliyewaokoa, mara ya pili ni ndama waliyemtengeneza.

Daudi alicheza mbele ya sanduku kwa nguvu zake zote (2 Samweli 6:14), na alipodharauliwa na Mikali alijibu kwamba alicheza mbele za Bwana. Binti wa Herodia alicheza mbele ya mfalme na wageni wake, na mwisho wake kichwa cha nabii kililetwa katika sinia (Marko 6). Katika Luka 15:25, kaka mkubwa alisikia sauti ya muziki na ngoma kwa sababu mdogo wake alikuwa amerudi, naye akakataa kuingia. Yesu mwenyewe ameiweka ngoma katika nyumba ya Baba.

Basi Biblia haiulizi kwanza ngoma inatoka kabila gani. Inauliza inachezwa mbele ya nani.

Maswali manne kwa makanisa yetu

Kanisa likitaka kupokea au kukataa ngoma fulani, liketi na wazee wanaoijua, liulize haya.

1. Ilichezwa mbele ya nani? Ngoma ya kuvuna, ya kutwanga, ya kumpokea mtoto au ya kusindikiza bibi arusi si sawa na ngoma ya kuita mizimu au ya siri za jando. Ile iliyofungwa kwa kiapo na siri, tuiache.

2. Maneno yake yanasema nini? Wimbo utafsiriwe kwa Kiswahili mbele ya wazee wa kanisa. Vijana wengi wa mjini huimba maneno wasiyoyaelewa. Katika mengine kuna hekima, katika mengine kuna matusi au dharau kwa kabila jingine.

3. Mavazi na vitu vyake ni vya nani? Kofia, mkuki, ngozi ya mnyama, vyote vina mwenyewe na vina maana. Kuvivaa kwa urembo tu ni kumdharau aliyevitegemea na kumkwaza aliyeviacha.

4. Inamjenga nani? Hapa Paulo anatusaidia katika 1 Wakorintho 10:25-28. Nyama ya sokoni, kula bila kuuliza-uliza. Lakini ndugu akikuambia imetolewa kwa sanamu, iache kwa ajili yake. Kwa vijana maana yake ni hii: hata kama kwenu kofia ni kofia tu, iacheni kwa ajili ya mzee ambaye kwake si kofia tu. Na kwa wazee: msilifunge soko lote kwa sababu ya nyama moja.

Kilichotokea baadaye

Niliwaomba vijana waende nyumbani kwa mzee yule, si kuomba msamaha kwanza, bali kuuliza. Walikaa naye mchana mzima. Aliwaeleza kofia ni ya nani na inapatikana namna gani, kisha bila kuombwa akawafundisha maana ya Bwana Vichwa Vingi. Mmoja wao aliniambia kwamba hakujua baba za Warega walikuwa na mahubiri.

Sadaka ya mavuno iliyofuata, waliingia tena na ngoma, bila kofia. Kabla ya kucheza, kijana alisimama akaeleza kwa Kiswahili wimbo unasema nini, kisha akasoma Zaburi ya 150. Mzee hakucheza wala hakupiga makofi, lakini mara hii alibaki kwenye benchi yake mpaka mwisho. Mama yule wa Shabunda naye alicheza mpaka madhabahuni na sadaka yake ya maharage kichwani.

Wazee wanaoweza kutueleza mambo haya wanapungua kila mwaka. Tuwaulize wangali wapo, kisha tuyapime yote kwa Neno, tukilishika lililo jema.

Bwana awabariki.